Tochi ya trafiki inakunasaje, na jinsi ya kuisoma picha yako kabla hujaanza kubishana

Kama unatembea Dar kwenda Morogoro, au Chalinze kwenda Segera, hii hali unaijua. Uko zako 75 kwenye mkeka, kijiji kimeisha au we unadhani kimeisha, mara mbele kabisa unaona shati jeupe pembeni ya barabara, mguu unaruka wenyewe kwenye breki, mshale unashuka mpaka 48, unapita pale umekaa kama mtu anayetoka ibadani na trafiki hata hakuangalii. Unashusha pumzi. Kilomita moja na nusu mbele yuko mwenzake, anakunyooshea mkono, na kwenye simu yake kuna picha ya gari yako, namba inasomeka, 74, saa imeandikwa mpaka sekunde. Unaanza kuapa kwamba ulipita pale na 48. Na ni kweli ulipita na 48, ila hapo sipo alipokupimia.

Hilo ndo jambo lenyewe ninalotaka kulieleza hapa, mengine yote yanaizunguka hiyo sehemu moja. Watu wengi wanalipa elfu 30 yao bila kujua kile kidude kinafanyaje kazi, hivo wanabishana kitu ambacho hawawezi kushinda na wanaacha kile ambacho pengine wangeeleweka. Mi kabla sijashika usukani nilikuwa natengeneza redio na TV, kwa hiyo mambo ya mawimbi yananipa raha, kama nikizama sana kwenye vitu vya kifundi ruka tu hiyo aya utanikuta mbele.

Tochi yenyewe

Tunaita tochi kwa sababu inashikwa kama tochi na inaelekezwa kama tochi, ila hutaona mwanga wowote. Inatoa leza ya aina ambayo jicho haliioni, ndugu yake ule mwanga wa rimoti ya TV. Na sio mwanga wa kuwaka moja kwa moja, ni mapigo, mamia ya mapigo kwa sekunde, kila pigo linaenda linagonga gari yako linarudi. Mwanga unakimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo ukiwa mita 300 kutoka kwa afande pigo linaenda na kurudi ndani ya sehemu mbili za milioni ya sekunde, na ndani ya kile kidude kuna saa inayoweza kuhesabu muda mdogo kiasi hicho bila shida. Pigo moja linasema gari iko mita 300, yanayofuata yanasema 299 na kitu, 298, 297, hivo hivo. Kidude kinaangalia umbali unapungua kwa kasi gani, kama unapungua mita 22 kila sekunde basi zidisha mara 3.6 unapata 80, mchezo umeisha.

Yote hayo yanachukua kama theluthi moja ya sekunde. Kwenye 80 gari inakuwa imesogea mita 7 tu, urefu wa Kosta moja hivi. We bado hujamaliza kufikiria neno breki.

Sasa cheza na umbali. Tochi nzuri inasoma gari iliyo zaidi ya nusu kilomita, na mtu aliyesimama chini ya mwembe na nguo nyeupe we unaanza kumtofautisha na mfuko wa mkaa ukiwa mita 150 labda, macho yako yakiwa mazima na kioo kisafi. Ye ana lenzi inayovuta, we una macho ya kuzaliwa. Ndo maana nasema ukishamuona jua alishamaliza na wewe zamani, na ile breki unayopiga inakusaidia kitu kimoja tu, yule wa nyuma yako akuingie matakoni.

Kingine kinachofanya leza ipendwe ni wembamba wake. Kwenye mita 300 ule mwale una upana wa kama mita moja, kwa hiyo kwenye msururu wa gari tano anaweza kukuchagua wewe uliye katikati akawaacha wengine. Analenga pleti namba, kwa sababu pleti ina ile rangi inayorudisha mwanga, au analenga taa za mbele. Vile vile inahitaji kuona moja kwa moja, haipiti kwenye kilima wala kwenye kichaka, na mvua kubwa au ukungu vinaipunguzia nguvu. Ukijua hivo utaelewa wanavyochagua sehemu zao: barabara iliyonyooka, kivuli, na kama bahati iko upande wao kuna kamteremko kanakoingia kijijini ambapo gari inajikimbilia yenyewe bila wewe kukanyaga mafuta. Nikiona kijiji kina mteremko na mwembe mkubwa mkono wa kushoto mi naachia mafuta mapema hata kama sijaona mtu.

Rada, ile ya zamani na ya kwenye masanduku

Rada ni kitu tofauti kabisa na watu wanachanganya. Simama stendi yoyote ya barabara kuu, basi linakuja limeshikilia honi, sauti iko juu juu, likishakupita tu sauti inadondoka inakuwa nzito. Dereva hajabadilisha honi. Ni kwamba basi likija kwako mawimbi yanabanana, likiondoka yanavutika. Rada inafanya hivo hivo ila kwa mawimbi ya redio, inayatuma, yanagonga gari yako yanarudi yamebanana kidogo, inapima yamebanana kiasi gani.

Kwa wale wenye ugonjwa kama wangu: rada nyingi za barabarani zinatumia masafa ya karibu gigahezi 24, na kwa masafa hayo kila kilomita moja kwa saa inaongeza tofauti ya kama hezi 45. Ukiwa na 50 tofauti ni kama 2,230, ukiwa na 80 ni kama 3,570. Hizo ni namba za sauti ambayo sikio linaisikia kabisa, ukiipeleka kwenye spika unapata mlio kama filimbi na gari ikiongeza mwendo filimbi inapanda. Zamani askari wa nje walikuwa wanahakiki rada zao kwa uma wa chuma, ule ule wa walimu wa kwaya, anaugonga anaushika mbele ya rada, rada inaandika spidi ya ule uma unavyotetemeka. Nilipolijua hilo nilicheka peke yangu siku nzima.

Ubaya wa rada ni kwamba mwale wake unatawanyika kama full ya fuso, ukifika mita 300 umeshaenea barabara nzima na mashamba ya pembeni. Ikiwa mbele kuna IST na nyuma yake linakuja semi linaovateki, rada inaweza kulisikia semi kwa sababu lina bati kubwa la kurudisha mawimbi, halafu namba anaandikiwa wa IST. Ndo maana kwa kazi ya kuchagua gari moja kwenye foleni leza iliipiku.

Rada bado inafanya kazi vizuri kwenye masanduku ya kudumu, yale yaliyochimbiwa nguzo pembeni ya barabara. Ndugu zetu walioko Muscat na Dubai wanaziita rada moja kwa moja na wanaishi nazo kila siku, na wengi wanajua pale Dubai kuna ile nafasi ya 20 juu ya kibao kabla sanduku halijakupiga. Sasa mtu kazoea hivo anaingia Abu Dhabi na akili ile ile, wakati Abu Dhabi waliifuta hiyo nafasi mwaka 2018, kilichoandikwa kwenye kibao ndo hicho hicho. Ujumbe unaingia kwenye simu hata hajafika anakokwenda.

Sanduku maarufu kuliko yote duniani ni Gatso, lile la njano la Uingereza, na historia yake inafurahisha. Aliyelitengeneza, Maurits Gatsonides, alikuwa dereva wa mashindano, Mholanzi, mshindi wa Monte Carlo Rally mwaka 1953. Alikuwa anatafuta kifaa cha kumwambia anapiga kona kwa spidi gani ili aongeze! Leo mtu analaani sanduku lililobuniwa na mpenda mbio kuliko yeye. Gatso inakusoma kwa rada ukishapita, inakupiga picha mbili kwa nyuma, nusu sekunde kati ya moja na nyingine, na pale chini barabarani kuna mistari myeupe imechorwa kwa vipimo. Picha ya kwanza tairi liko mstari huu, picha ya pili liko mstari ule, wanahesabu umesogea mita ngapi kwa nusu sekunde. Hiyo mistari ni ushahidi wa pili usiohusiana na rada, yani mashine inasema kitu na rula inathibitisha. Mi nimependa sana hiyo akili.

Kuna nyingine zinafukia nyaya au vipande vya kuhisi uzito ndani ya lami, tairi linakanyaga cha kwanza saa inaanza, linakanyaga cha pili saa inasimama. Vikiwa mita moja moja na umetumia sekunde 0.036 basi ulikuwa 100. Hakuna cha ziada.

Na kwa wale wa malori wanaovuka Rusumo kwenda Kigali, kule Rwanda kamera wamezipa jina la kike, Sofia, ukisikia mtu anakwambia "angalia Sofia mbele" usitafute mdada.

Kamera za wastani, hizi ndo hazina dawa

Hapa hakuna rada wala leza. Kuna kamera mbili zinazosoma namba za gari, moja hapa nyingine kilomita kadhaa mbele. Ya kwanza inaandika namba yako na saa, ya pili hivo hivo, kompyuta inagawanya umbali kwa muda. Tuseme ziko kilomita 2 na ruhusa ni 80, ukitumia sekunde 90 uko sawa, ukitumia 72 ulikuwa unatembea wastani wa 100. Kupunguza mbele ya kamera hakusaidii. Kama kilomita ya kwanza umeipiga kwa 120 umetumia sekunde 30, sasa ya pili lazima uitembee kwa 60 ndo hesabu ikae sawa, yani faida yote uliyoitafuta unairudisha.

Abiria wa mabasi ya mikoani hili wanalijua hata kama hawajawahi kuliita hivo. Basi limekimbia, halafu linapaki sehemu isiyo na stendi wala chakula, watu wanauliza kulikoni, konda anasema tunasubiri muda. Ni hesabu ile ile, umbali kwa muda, tofauti ni kwamba badala ya kamera kuna mtu na daftari. Sa hivi mabasi yana vile vifaa vya VTS vya kufuatilia gari, vinatuma spidi moja kwa moja LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa ardhini, hivo dereva anapimwa njia nzima, hakuna cha mwembe.

Sasa umesimamishwa, fanya hivi

Zima redio, shusha kioo, salimia. "Za kazi afande." Usianze na sauti ya juu, usianze na kumtaja mjomba wako. Akikwambia umezidisha, sema, "Sawa afande, naomba niione picha vizuri." Naomba, sio nataka. Halafu tulia uisome, na usome mambo haya kabla ya kuangalia ile spidi kubwa iliyoandikwa, maana hiyo ndo inayomfanya mtu apaniki.

Angalia alama ya kulengea, kale kamsalaba au kaduara kwenye picha, kako wapi. Kakiwa juu ya pleti yako au bampa ya mbele, hiyo ni yako. Kakiwa katikati ya gari mbili, au kamekaa kwenye gari iliyo nyuma yako, hapo una swali la kuuliza na uliulize. Kuna kosa la mkono pia, mtu akitelezesha tochi ubavuni mwa gari wakati inasoma, kutoka kioo cha mbele kushuka kwenye boneti, umbali unabadilika bila gari kusogea kiasi hicho na hesabu inaharibika. Tochi nyingi zikiona namba hazijipangi vizuri zinakataa zenyewe zinaandika eraa, kwa hiyo usilitegemee sana hili, ila lijue.

Angalia ruhusa iliyosetiwa. Kwenye makazi ni 50 kwa wote. Nje ya makazi gari ya abiria na gari la mzigo linalozidi tani 3.5 ni 80. Umewahi kuona Noah ya familia inaambiwa 80 ya basi? Mi nimewahi, afande aliisahau tochi kwenye seti ya mabasi, tuliongea vizuri yakaisha.

Halafu angalia umbali, na hapa ndo nataka uweke akili yote. Picha inaandika ulikuwa mita ngapi kutoka kwenye tochi wakati unapimwa. Muulize mwenye tochi amesimama wapi. Sasa kama tochi iko kwenye mwembe, na kibao cha 50 kiko mita 300 kabla ya mwembe, na picha inasema mita 386, basi ulipimwa mita 86 kabla hujafika kwenye kibao. Ulikuwa bado nje. Hicho ndo kitu cha kubishania, kwa upole, na sio ile "mi nilikuwa 50 afande Mungu anaona". Na upande wa pili ni hivo hivo kwa wale wanaopimwa kwa nyuma wakitoka kijijini, tafuta kibao cha 50 kilichopigwa mstari, ulikuwa umeshakipita au bado.

Ilinikuta mwenyewe. Nimempakia shangazi tunawahi msiba upande wa Tanga, nikasimamishwa, picha inasema 68, ruhusa 50, umbali mita 386. Nikasema leo nimempata. Nikamuomba afande aniruhusu nirudi nikaangalie kibao, akacheka akasema nenda, leseni yako ninayo. Nikageuza, nikapaki pale kwenye kibao, nikaanza kutembea kwa hatua ndefu kuelekea mwembe, jua la saa saba, watoto wananifuata wanahesabu na mimi kwa sauti. Hatua 500. Hatua yangu naijua ni sentimita 90, hivo mita 450. Toa 386. Nilikuwa mita 64 ndani ya kibao. Nikarudi nimelowa jasho, shangazi kwenye siti ya nyuma anajipepea na kitenge, akasema tu, "Ungelipa mwanzo tungeshafika, mwanangu." Nikaandikiwa.

Lakini angalau nililipa nikijua nalipia nini.

Kuhusu pembe, kuna mtu atakuja kusema alikuwa amesimama pembeni sana ndo maana ikasoma kubwa. Ni kinyume. Tochi na rada zikikupima kwa upande zinasoma pungufu ya spidi yako ya kweli, kwa sababu zinaona ule usogeo wa kuja kwao tu. Kwa pembe ya digrii 20, mtu wa 80 anasomeka kama 75. Ukimwambia afande asogee barabarani anyooke na wewe utakuwa unajiongezea kosa.

Pima mshale wako kabla hujamlaumu mtu

Gari nyingi zimetengenezwa mshale udanganye kidogo kwa kuzidisha. Kanuni ya Umoja wa Mataifa ya spidomita inasema mshale hauruhusiwi kuonyesha pungufu ya ukweli, na ukizidisha usizidi asilimia 10 na kilomita 4 juu yake, kwa hiyo gari inayotembea 80 ya kweli inaweza kukuonyesha mpaka 92. Hiyo ni gari ilivyotoka kiwandani na tairi zake. Sasa we umenunua kagari ka Japani, ukaona kako chini, ukavalisha tairi kubwa upite kwenye mashimo. Tairi likiwa kubwa kwa asilimia 5, kila mzunguko mmoja linakusogeza mbali zaidi kuliko gari inavyodhani, na kale kaakiba ka mshale unaozidisha kanaliwa. Na kama mshale wako ulikuwa hauzidishi kitu, unaona 50 kumbe ni 52 au 53.

Kupima ni rahisi. Washa GPS ya simu, mpe mtu mwingine aishike, we endesha, tafuta sehemu tambarare shikilia 50 kwa muda halafu 80, mlinganishe. Simu ikigoma tumia nguzo za kilomita za pembeni ya barabara: kwa 50 kutoka nguzo moja mpaka nyingine ni sekunde 72, kwa 80 ni sekunde 45, kwa 100 ni sekunde 36. Fanya mara mbili tatu. Ukishajua gari yako inadanganya kwa ngapi, basi 50 yako unaijua iko wapi kwenye dashibodi, bandika hata kakipande ka selotepu.

Dawa za mtaani

CD iliyoning'inizwa kwenye kioo cha ndani: inarembesha gari. Leza inalenga pleti na taa, CD yako iko juu inacheza disko peke yake.

Kupulizia pleti dawa ya nywele au kupaka kitu ing'ae: ile hadithi inahusu kamera za flashi, na hata huko haina maana. Kamera nyingi sa hivi zinapiga kwa mwanga usioonekana usiku na picha inatoka nyeusi na nyeupe safi kabisa. Kupinda pleti au kuiziba na matope ni kosa jingine linaloonekana kwa macho bila tochi.

Kile kifaa cha kunusa rada kinacholia ndani ya gari: kwa rada kinaweza kulia mapema kwa sababu mawimbi yanatawanyika mbali. Kwa leza kinalia wakati umeshagongwa na mwale, yani kinakupa taarifa ya msiba wako mwenyewe. Na kuna nchi nyingi, Ufaransa mojawapo, kukutwa nacho tu ni kosa.

Kupigiana taa na wanaokuja: huu utamaduni wetu nauheshimu, ila usiutegemee. Anayekupigia taa alimuona afande kilomita tatu nyuma, we hujui kama bado yuko pale, amehama, au wako wawili. Na sio kila taa ni tochi, mara nyingine ni ng'ombe, au lori limelala kwenye kona. Ukipigiwa taa punguza tu, chochote kilichoko mbele utakikuta na mwendo mdogo.

Mimi ninachofanya ni kitu cha kishamba kabisa. Kibao cha 50 nakitafuta kwa macho kikiwa mbali, na naachia mafuta ili nikifika kwenye kibao mshale uwe umeshafika 50, sio nikifika kwenye nyumba ya kwanza. Watu wengi wanaanza kupunguza kwenye kibao, na zile mita 100 za kupunguza ndo mita za afande. Kutoka natulia mpaka nikione kile cha mstari, kibao kisipokuwepo maana vingine vimeng'olewa nasubiri nyumba ziishe kabisa na watoto wa shule waishe pembeni. Nilipiga hesabu siku moja ya nguvu ya gari kwenye 70 ukilinganisha na 50, inakaribia mara mbili, kwa tofauti ya 20 tu, baada ya hapo zile dakika mbili za kupita kijijini hazikuniuma tena.

Ukishaandikiwa

Utapewa kontroo namba, lipa kwa simu au benki, hakikisha jina na namba ya gari vinavyotokea kwenye ujumbe ni vyako kabla hujabonyeza kukubali. Hela usimpe mtu mkononi, na usiikunje ndani ya leseni. Usipolipa deni halipotei, linakaa kwenye namba ya gari na linaonekana kwenye mfumo wa polisi, yoyote atakayeingiza namba yako barabarani analiona.

Kumbuka nimesema kwenye namba ya gari, sio kwenye jina la dereva aliyekimbia. Kwa hiyo ukienda kununua gari ya mkononi, pamoja na kufungua boneti na kusikiliza injini, ingiza namba yake kwanza uone inadaiwa nini. Jirani yangu hakuingiza. Alinunua IST safi, bei nzuri, muuzaji mpole ana haraka kidogo. Wiki ya pili akasimamishwa kwa mambo ya taa tu, afande akaingiza namba, akamgeuzia simu aone: 240,000. Picha nane, sita kati ya hizo kijiji kimoja.